Nyanya Alikuwa na Neno na Gavana

Julai 2022 nilikaa Kitui siku nne. Nilikuwa nimemsindikiza rafiki yangu mazishini kwao. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Mvua zilikuwa zimekosa misimu kadhaa mfululizo katika kaunti kame za Kenya, na Mto Tiva, ambao mgeni angeudhania kuwa barabara pana ya mchanga, ulikuwa umejaa watu na punda tu. Kule maji hufukuliwa. Unachimba mchanga mpaka uufikie unyevu, unangoja, maji yanajikusanya polepole chini ya shimo, unayachota kwa kikombe kidogo bila kuyavuruga, kisha unayamimina kwenye mtungi wa plastiki wa lita 20. Nyanyake rafiki yangu alitumia karibu nusu saa kujaza mtungi mmoja. Mimi nilishika mtungi, yeye akachota.

Uchaguzi ulikuwa umebaki wiki chache, na mazungumzo yoyote mwezi huo yaliishia kwenye siasa. Nikamuuliza kwa heshima kama ameshaamua atampa nani kura yake ya ugavana. Hakunijibu papo hapo. Alimimina kikombe, akatazama shimo likijaa tena, ndipo akasema kwa Kikamba, rafiki yangu akinitafsiria: "Mimi nilikuwa na neno na Kaluki. Sasa wanasema hayupo."

Nikamuuliza ni neno gani, la shukrani au la lawama. Akacheka kidogo. "Mwanangu, hilo lilikuwa langu na yeye. Ningelisema pale kwenye karatasi."

Kaluki ni Charity Kaluki Ngilu, na kwa watu wa rika la nyanya yule hahitaji kuelezwa. Aliingia bungeni kama mbunge wa Kitui ya Kati mwaka 1992. Mwaka 1997 aligombea urais, yeye na Wangari Maathai wakiwa wanawake wa kwanza Kenya kujitosa kwenye kinyang'anyiro hicho. Baadaye alikuwa waziri wa Afya, kisha wa Maji, kisha wa Ardhi. Mwaka 2017 alimbwaga gavana wa kwanza wa Kitui, Julius Malombe, akawa mmoja wa magavana watatu wa kwanza wanawake, pamoja na Anne Waiguru wa Kirinyaga na marehemu Joyce Laboso wa Bomet. Mwaka 2022 Katiba ilikuwa bado inamruhusu kuomba muhula wa pili. Alijiondoa kabla ya siku ya kura, akasimama na kampeni ya muungano wa vyama wa Azimio ya kumtafutia Raila Odinga urais. Malombe akarudi, akashinda.

Tangu siku ile mtoni nimekuwa nikilifikiria neno la nyanya. Sitaki kujua lilikuwa nini. Ninachofikiria ni kwamba alikaa nalo miaka mitano, akalitunza, na siku ya kulisema ilipokaribia akaambiwa mwenye kuambiwa hayupo.

Wanahabari wetu wa Kiswahili wana msemo ambao tumeuzoea mpaka hatuusikii tena: gavana fulani anatetea kiti chake. Hebu lisikilize upya neno hilo, kutetea. Mtu hutetea pale anapodaiwa jambo. Mshtakiwa hujitetea mbele ya hakimu. Kumbe lugha yetu imelielewa jambo hili vizuri kuliko sisi tunaolisema: kiongozi anayerudi kuomba kura anarudi kujibu. Uliahidi zahanati, iko wapi? Uliahidi maji, bomba limefika wapi? Wapinzani wake wanazunguka na picha za miradi iliyokwama, yeye anazunguka na picha za iliyokamilika, na mwananchi anaketi katikati akiwa hakimu. Anaweza kukosea hukumu, anaweza hata kuhongwa, lakini kesi ipo na imesikizwa.

Gavana akisema hatatetea kiti, kesi hiyo haisikizwi tena. Tunabaki na watu wanaoomba kazi.

Chukua Kitui hiyohiyo. Mwaka 2013 kiti kilikuwa kipya. Kaunti 47 zilikuwa zinachagua magavana kwa mara ya kwanza na hapakuwa na rekodi ya ugavana ya kupima. Mwaka 2017 gavana aliyekuwa madarakani alisimama mbele ya watu wake wakamwambia nenda. Mwaka 2022 aliyekuwa madarakani hakusimama. Mwaka 2027 Malombe hataweza kusimama, maana atakuwa amemaliza mihula miwili, wa 2013 hadi 2017 na huu wa sasa, na Kifungu cha 180 cha Katiba hakimruhusu mtu kushika ugavana wa kaunti zaidi ya mihula miwili. Chaguzi nne, na ni katika mmoja tu ambapo wananchi wa Kitui wamepata nafasi ya kumwangalia gavana aliye ofisini machoni na kumpa jibu. Nafasi nyingine ya aina hiyo haitapatikana kabla ya 2032. Mtoto aliyezaliwa siku Katiba ilipozinduliwa, 27 Agosti 2010, atakuwa anakaribia miaka 22 wakati huo. Atakuwa amesoma chekechea inayoendeshwa na kaunti, ametibiwa zahanati ya kaunti, amepita barabara za kaunti tangu anajifunza kutembea, na hiyo ndiyo itakuwa mara yake ya kwanza kuweza kumwambia gavana aliye kazini "rudi" au "tosha".

Najua nitaambiwa kwamba 2022 watu wa Kitui hawakuwa wakipiga kura gizani, kwa sababu Malombe alikuwa na rekodi yake ya miaka mitano ya kwanza. Ni kweli, na si Kitui peke yake. Mwaka ule magavana kadhaa wa kwanza ambao wananchi walikuwa wamewaondoa 2017 walirejeshwa: Ken Lusaka Bungoma, Joshua Irungu Laikipia, Simon Kachapin West Pokot, Nathif Jama Garissa, Ahmed Abdullahi Wajir. Lilikuwa jambo kubwa na nadhani hatujalizungumza vya kutosha. Watu walewale waliosema ondoka walisema rudi. Wengine waliona ni kigeugeu. Mimi naona ni wananchi waliokuwa wamepata kitu cha kulinganisha kwa mara ya kwanza, gavana na gavana, na wakakitumia.

Ila rekodi ya zamani haipimwi kama ya sasa. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Muhula uliokwisha miaka mitano iliyopita umeshafanywa laini na kumbukumbu: barabara iliyolimwa inakumbukwa, foleni ya dawa imesahauliwa. Pale ambapo gavana aliyemfuata yupo uwanjani, angalau anaweza kusema, hapana, kumbukeni deni hili nililikuta, kumbukeni jengo lile lilikuwa hivi. Asipokuwepo, hakuna wa kumkumbusha mtu chochote. Mpinzani mwenye hoja nzito zaidi ndiye aliyekwenda nyumbani.

Sasa tazama uwanja wenyewe unavyokuwa siku tangazo likitoka. Kwanza kunakuwa na kimya cha siku moja hivi, watu wakiamini na wasiamini. Halafu simu. Naibu gavana anaanza kuhudhuria mazishi ambayo hakuwa akihudhuria. Seneta, ambaye miaka mitano amekuwa akiwahoji magavana, anagundua kwamba kaunti inahitaji "uongozi mpya". Mbunge anapima kama muhula mwingine bungeni una faida kuliko bajeti ya kaunti. Mabango yanafunika mengine kabla gundi haijakauka. Na ndani ya makao makuu ya kaunti, maofisa ambao jana walikuwa wakipanga foleni mlangoni kwa gavana wanaanza kupokea simu zao nje, chini ya mti, wakitazama huku na huku. Kila mmoja anamtafuta gavana wa kesho.

Magavana waliomaliza mihula miwili huacha uwanja wa aina hii pia, lakini kuna tofauti kubwa. Katika kaunti ya mihula miwili kila mtu anajua tarehe miaka mitano kabla. Kwale, Salim Mvurya alipomaliza 2022, naibu wake Fatuma Achani alikuwa ameshajulikana kila kona, na wapiga kura walimchagua wakijua wanachagua mtu aliyekuwa ndani ya serikali ile. Unaweza kusema walikuwa wanaihukumu serikali ya Mvurya kupitia kwake. Gavana anayejiondoa kwa hiari akiwa amebakiza muhula humwachia kila mtu miezi, pengine wiki. Vyama vimeshafanya mchujo au viko karibu. Wagombea wazuri ambao wangejitayarisha hawakujitayarisha kwa sababu waliogopa kupambana naye. Wanaobaki tayari ni wale wenye pesa zilizo karibu na wale ambao tangu mwanzo hawakumwogopa.

Wagombea wakiwa wengi, hesabu yenyewe inageuka. Rais wa Kenya lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Gavana hana masharti hayo. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye gavana, hata kama saba kati ya kila wapiga kura kumi walimkataa. Gavana anapotetea kiti, kura hujipanga zenyewe: wanaomtaka upande mmoja, wasiomtaka wanatafuta mtu mmoja wa kumshinda. Akitoka, hakuna kinachozipanga. Wagombea sita wanagawana watu kwa ukoo, kwa tarafa, kwa kanisa, kwa nani alisoma shule gani. Kitui swali la kale la Mwingi na Kitui, pande mbili za kaunti, hurudi mezani mara moja: zamu ni ya nani, mgombea mwenza atoke wapi. Mwaka 2022 David Musila, aliyekuwa mbunge wa Mwingi Kusini miaka mingi kisha seneta wa kwanza wa kaunti, alikuwa tena uwanjani, na mazungumzo niliyoyasikia kwenye matatu yalihusu ramani kuliko maji.

Siwalaumu watu kwa hilo. Ukiondolewa swali la "amefanya nini?", linabaki swali la "ni wa wapi?"

Na hapa ndipo linaponiuma zaidi, maana nimeliona nyumbani. Shangazi yangu ana karakana ndogo ya useremala. Miaka kadhaa iliyopita alipata kazi ya kaunti moja, ambayo sitaitaja, ya kutengeneza meza fupi na vibao 120 vya watoto wa chekechea. Alikopa kwenye chama cha akiba, akanunua mbao, akaajiri mafundi wawili zaidi, akapeleka kazi kwa wakati. Nimeviona vibao hivyo. Amevipaka rangi ya machungwa na kijani, na chini ya kila kimoja fundi wake aliandika namba kwa kalamu ya wino mzito ili visipotee. Watoto wanavikalia mpaka leo.

Malipo hayakutoka. Aliambiwa asubiri robo ya pili ya mwaka wa fedha, kisha ya tatu, kisha uchaguzi ukafika na gavana akaondoka. Ofisi mpya ilipofunguliwa alikwenda na faili yake. Ni faili ya plastiki ya buluu. Ndani kuna karatasi ya LPO (oda rasmi ya ununuzi), hati ya kupokelewa kwa bidhaa yenye sahihi ya mwalimu mkuu, ankara, na nakala za nakala za hizo zote. Muhuri wa zambarau umeanza kufifia. Kijana wa dirishani aliipokea, akaifungua, akaifunga, akamwambia: "Mama, haya ni madeni ya serikali iliyopita. Kuna kamati ya kuyakagua." Amewasilisha karatasi hizo mara tatu. Kila mara kamati ni mpya.

Serikali iliyopita! Kana kwamba kaunti iliyokalia vibao si ileile iliyotakiwa kuvilipia. Kaunti ni chombo cha kudumu, gavana ni mpita njia. Sheria iko wazi kwamba deni halali ni la kaunti na lazima lipangiwe kwenye bajeti inayofuata. Lakini kivitendo deni hufa na aliyeliweka. Madeni ya namna hii ya kaunti zote kwa pamoja yamepita shilingi bilioni 150, kwa mujibu wa ripoti za Msimamizi wa Bajeti, na katika hizo bilioni kuna maelfu ya mafaili ya buluu kama la shangazi. Gavana anayerudi kutetea kiti ana sababu ya kuyalipa baadhi kabla ya Agosti, kwa sababu shangazi ana kura, na mafundi wake wana kura, na chama chake cha akiba kina wanachama. Asiyerudi hana sababu hiyo. Anayemfuata anayo sababu ya kusema hayamhusu. Katikati yao wanasimama watu waliofanya kazi kweli.

Miradi nayo hupitia hayohayo. Ngilu alipoingia Kitui alianzisha kiwanda cha nguo cha kaunti pale Syongila, KICOTEC, kilichokuwa kikishona sare za wanafunzi. Korona ilipoingia 2020, cherehani zile zilishona barakoa, na nchi nzima iliona kina mama wa Kitui kwenye taarifa ya habari. Aliwahimiza wakulima kupanda ndengu kwa wingi, akauita mpango huo mapinduzi ya ndengu. Unaweza kuipenda au kuipinga mipango hiyo, na watu wa Kitui walikuwa na maoni makali pande zote mbili. Nilichotamani 2022 ni kuona wagombea wote wakiulizwa jambo moja mbele ya watu: kiwanda kile utakifanya nini, na kwa pesa zipi? Mkulima wa ndengu utamwachia mikononi mwa dalali au utamfanyia nini? Mwenye mradi akiwepo kwenye mdahalo, maswali hayo hayaepukiki, kwa sababu yeye mwenyewe atayaleta. Asipokuwepo, kila mgombea ana uhuru wa kuahidi kitu kipya kabisa, maana kitu kipya hakina hesabu.

Jirani zao Makueni wana somo. Kiwanda cha kusindika maembe cha Kalamba kilianza wakati wa Kivutha Kibwana, gavana wa kwanza, aliyemaliza mihula yake miwili 2022. Kaunti ilikipa mamlaka yake iliyoundwa kwa sheria iliyopitishwa na bunge la kaunti. Simaanishi kwamba sheria hutibu kila kitu. Lakini mradi uliosimamishwa kwa sheria humlazimu gavana mpya kwenda mbele ya madiwani akitaka kuuacha, na huko kuna kumbukumbu rasmi za mijadala na wananchi wanaruhusiwa kukaa kusikiliza. Mradi uliosimamishwa kwa jina la mtu unaweza kuachwa kwa kunyamaza tu.

Sasa niseme la upande wa pili, maana nalo nalimaanisha. Kiongozi anayeondoka mwenyewe anastahili heshima. Bara hili limeumizwa mno na wanaong'ang'ania, na kura nyingi zimeibwa na watu wasiojua kwenda nyumbani. Mtu anaweza kuchoka. Anaweza kuugua, anaweza kuwa na mzazi wa kutunza au watoto wadogo, anaweza kuamua kwamba ametoa alichokuwa nacho. Anaweza pia kuona kwamba nguvu zake zitafaa zaidi mahali pengine. Hakuna Katiba duniani inayopaswa kumlazimisha mtu aombe kura.

Na wakati mwingine uamuzi wa kutorudi hutaka kufanywa na wengine kwa niaba yake. Kabla ya uchaguzi wa 2017 wazee wa ukoo wa Garre kule Mandera waliamua kwamba walioko madarakani wote, gavana Ali Roba akiwemo, wasitetee viti vyao, wengine wapewe zamu. Katika kaunti za kaskazini makubaliano ya aina hii yameepusha damu zaidi ya mara moja, na sitayabeza. Lakini Roba alikataa, akatoka kwenye chama alichokuwa nacho, akagombea kwa tiketi ya Economic Freedom Party, akashinda. Wengi walilisoma tukio lile kama uasi dhidi ya wazee. Mimi nililisoma kama gavana aliyesisitiza kwamba kesi yake isikizwe na watu wote, na ikasikizwa. Angeweza kushindwa. Hilo ndilo linaloipa uzito.

Kwa hiyo sisemi gavana asiondoke. Nasema kuondoka kusiwe njia ya kutojibu.

Zipo zana, na nyingi tunazo tayari kwenye vitabu. Sheria ya 2019 ya kushika wadhifa wa gavana inaagiza kuwe na kamati ya kukabidhiana madaraka, kwa hiyo kuna mahali na wakati ambapo serikali inayoondoka inapaswa kuiandalia inayoingia taarifa. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari, inayosimama juu ya Kifungu cha 35 cha Katiba, inampa kila raia haki ya kuomba nyaraka zinazoshikiliwa na serikali. Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ambao unakaribia kulingana na muhula wa gavana: ule wa 2018 hadi 2022, na huu wa 2023 hadi 2027. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anatoa ripoti ya kila kaunti kila mwaka. Yaani karatasi za kesi zote zipo.

Kinachokosekana ni tarehe ya kuzisoma. Kama ningekuwa na sauti kwenye bunge la kaunti lolote, ningeomba gavana anayetangaza kwamba hatarudi aitwe mbele ya kikao cha wazi, si cha kumtimua wala cha kumwaibisha, cha kumsikiliza. Alete mpango wake wa miaka mitano na kalamu. Aende ukurasa kwa ukurasa: hili lilifanyika, hili lilikwama kwa sababu hii, hili halikuanza, deni ni hili na wenye kudai ni hawa. Wagombea wote wanaotaka kiti wakae mstari wa mbele wasikie, ili mwezi wa nane asitokee mmoja wao kusema hakujua. Redio za lugha za nyumbani zitangaze moja kwa moja, kwa maana nyanya yule hasomi ripoti ya mkaguzi, lakini redio yake ndogo ya betri hufunguliwa kabla ya jogoo kuwika.

Naibu gavana naye asiruhusiwe kujificha. Nimewasikia manaibu kadhaa kwenye kampeni wakisema, "Mimi nilikuwa msaidizi tu, sikuwa na sahihi." Jina lake lilikuwa kwenye karatasi moja ya kura na la gavana. Walichaguliwa pamoja kwa alama moja ya mwananchi. Katiba inasema gavana akiondoka katikati ya muhula, yeye ndiye anayeshika usukani, na kama muda uliobaki ni zaidi ya miaka miwili na nusu, huhesabiwa kuwa amehudumu muhula mzima. Huyo si msaidizi. Huyo ni mwenye gari ambaye amekaa kiti cha abiria.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Kaunti nyingi zitakuwa na kiti wazi kwa sababu ya mihula kwisha: Kisumu ya Anyang' Nyong'o, Kajiado ya Joseph Ole Lenku, Nandi ya Stephen Sang, Vihiga ya Wilber Ottichilo, Tharaka Nithi ya Muthomi Njuki, Kirinyaga ya Waiguru, na nyingine. Kwa vyovyote kutakuwa pia na magavana wa muhula wa kwanza watakaopima upepo na kuamua wakae pembeni. Nimeanza kusikia watu wakiuliza nani atamrithi nani, nani ana tiketi ya chama gani, nani amemezea mate kiti kipi. Sijasikia bado mtu akiuliza nani atabaki na mafaili ya buluu.

Shangazi ameshaanza kuweka lake tayari. Safari hii amelipeleka kwa mwanasheria wa mtaani akagongewa muhuri mpya juu ya nakala, kwa sababu ule wa zamani hausomeki vizuri.

Na juzi nilizungumza na rafiki yangu wa Kitui kwa simu. Nikamuuliza hali ya nyanya. Akasema yu mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua, siku hizi mjukuu ndiye huenda mtoni. Nikamwomba amuulize kama safari hii ana neno na gavana. Nilisikia wakizungumza kwa Kikamba kwa muda, kuku wakilia karibu na simu, kisha rafiki yangu akarudi.

"Anauliza kama huyu naye hatakuwepo kwenye karatasi."

"Mwambie hatakuwepo. Mihula yake imekwisha."

Kikamba tena. Nikasikia kicheko kilekile.

"Anasema basi aje mwenyewe huku kabla hajaondoka. Atamwekea kiti."